Bwejuu: Bahari Humfuata Aliyekaa

   Leo nataka tuzungumze juu ya maji. Maji ya bomba yana siku yake, leo tuyaache. Nazungumzia maji ya bahari, kujaa kwake na kupwa kwake, kule Bwejuu, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja.

Najua wapo watakaosema: kuna jipya gani hapo? Sisi watu wa pwani tumeyaona maji yakijaa na kupwa tangu tunatambaa. Kweli kabisa. Lakini nina swali. Meli ya watalii inapofunga gati Malindi hapa mjini, akateremka mama mtu mzima anayetembea kwa fimbo, au kijana anayetumia kiti cha magurudumu, akasema, "Nimesikia huko mashariki ya kisiwa bahari huondoka ikaacha mchanga mtupu, nami nataka kuiona," tunamjibu nini?

Wengi wetu jibu tunalo tayari mdomoni. "Pole mama, huko hakukufai. Mchanga mwingi, jua kali, safari ndefu. Twende zetu sokoni Darajani ukanunue viungo." Utadhani pale Darajani kuna nafasi ya kupitisha kiti cha magurudumu katikati ya ndizi, samaki na vespa!

Leo nitajaribu kukuonyesheni kwamba jibu hilo si sahihi. Katika vivutio vyote vya kisiwa hiki, maji kujaa na kupwa ndicho kinachohitaji miguu kidogo kuliko vyote. Ukitaka kuona kima punju, lazima uingie msitu wa Jozani. Ukitaka kuliona pango, lazima uteremke. Bahari ya Bwejuu humfuata mtu pale alipokaa. Inachotaka kwako ni mambo mawili tu: siku yake na saa yake. Tafadhali yakamateni hayo mawili, siku na saa, kwa sababu nitayarudia.

Tuanze na siku.

Mvuvi yeyote atakwambia kuwa bahari hufuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, na hapo ndipo tunapata bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, tarehe saba, nane, au ishirini na mbili, ishirini na tatu za Kiislamu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, nguvu zinapunguzana, na tunapata maji mafu. Tofauti yake ni kubwa. Katika bamvua nzuri hapa Unguja, kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa kuna karibu mita 4 za kimo. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 na kidogo. Na bamvua zilizo kubwa zaidi huja karibu na mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, jua linapopita juu ya ikweta.

Hebu fikiria sasa. Dereva anampeleka mgeni Bwejuu tarehe nane ya mwezi, saa nne asubuhi. Anakuta nini? Anakuta maji yamejaa, tena kujaa kwenyewe hakuna nguvu. Mgeni anakaa saa mbili, anatazama, bahari iko pale pale. Anarudi melini anasema, "Nilidanganywa." Hakudanganywa na bahari. Aliyempeleka hakutazama mwezi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni siku. Tafuta bamvua. Mwezi mwandamo na siku mbili tatu za mwanzo, au kuanzia tarehe kumi na nne mpaka kama kumi na nane. Kalenda ya Kiislamu imetundikwa ukutani karibu kila nyumba Unguja, itazame.

Jambo la pili ni saa, na hapa Mwenyezi Mungu ametupendelea. Kwenye mwambao wetu maji ya bamvua hayapwi ovyo ovyo. Siku za bamvua hupwa kabisa baina ya saa nne na saa sita mchana, na hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Usiku mambo hujirudia vivyo hivyo. Mwezi huu, mwezi ujao, mwaka kesho, mwendo ni huo huo. Kila siku saa hizo husogea mbele, kwa wastani kama dakika hamsini. Leo maji yakipwa saa nne, kesho tarajia kama saa tano kasorobo.

Sasa jiulize: meli za kitalii hufika saa ngapi? Nyingi huingia asubuhi na kuondoka jioni. Yaani mgeni yuko nchi kavu katika saa zile zile ambazo bamvua hufanya kazi yake: maji kupwa asubuhi, kugeuka mchana, kujaa jioni. Na nyingi huja msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, kwa hiyo zile bamvua kubwa za Machi nazo zimo. Kama meli imekuja siku ya bamvua, mgeni amebahatika.

Tufike sasa Bwejuu yenyewe, kwa manufaa ya wasikilizaji wasiopata kufika.

Kutoka mjini unapita Tunguu, unapita Jozani, unafika Kitogani, unashuka mpaka Paje. Pale Paje unakata kushoto, kaskazini, na barabara hiyo hiyo ikiendelea hukufikisha Michamvi. Bwejuu iko njiani, mnazi baada ya mnazi. Kwa gari isiyokimbizwa ni kama saa moja na nusu.

Mbele ya kijiji kuna mwamba. Uko mbali, hata mawimbi yanayovunjika juu yake unayaona kama mstari mweupe, na mngurumo wake unausikia kwa mbali. Kati ya mwamba na pwani sakafu ya bahari ni tambarare, imeinama kidogo mno. Hapo ndipo ilipo siri ya Bwejuu. Maji ya Bwejuu hayapungui kimo zaidi kuliko ya Forodhani kule mjini. Bahari ni moja. Ila pale Forodhani maji yakishuka mita 3 yanashuka ukutani, unaona ukuta umerefuka. Bwejuu maji yakishuka mita 3 juu ya sakafu iliyolala, yanalazimika kurudi nyuma kwa masafa marefu, karibu mpaka kwenye mwamba. Kimo ni kile kile, lakini macho yanaona bahari imehama.

Na ikihama, kijiji kinahamia pale ilipokuwa. Utawaona kina mama wakitoka na kamba na magunia yao kwenda kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza pwani hii ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mbegu yake ilitoka Ufilipino. Utaona vigingi vimepangwa safu safu, kamba zimefungwa baina yake, na mwani unaning'inia. Wengine wamechukua mikuki wanatafuta pweza kwenye mashimo ya miamba. Ngalawa zimekaa mchangani, zimeinama upande mmoja.

Wengine hawaendi mbali. Wanainama hapo hapo karibu na pwani, wanafukua makumbi. Haya ni makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye mchanga wa pwani na kulazwa chini ya mawe kwa miezi, maji yakija na kuondoka juu yake kila siku, mpaka yakaoza na kulainika. Yakifukuliwa hupigwa kwa rungu la mti, takataka zinatoka, zinabaki nyuzi za rangi ya dhahabu iliyofifia. Harufu yake, nisiwafiche, si ya udi. Nyuzi hizo zikikauka husokotwa kamba.

Na kamba, wasikilizaji, husokotwa kwa kukaa kitako. Nenda Bwejuu alasiri utamkuta bibi kwenye baraza, magoti yameshachoka, mwani ameshauacha, pweza ameshamwacha, lakini mikono haijachoka. Anasokota. Muulize, "Bibi, shikamoo, maji yanageuka saa ngapi leo?" Atakujibu bila kuinua macho wala kutazama saa ya mtu. Kwa hiyo mgeni wetu asiyeweza kutembea, akipelekwa akae karibu na bibi huyo, kwa ruhusa yake na kwa heshima, amekosa nini? Pale barazani amekaa na mwalimu.

Sasa nakuombeni tutulie hapa kidogo, kwa sababu kuna siri nyingine, na wengi wanaopeleka wageni hawaijui au hawaitumii.

Maji huchukua saa sita na kidogo kujaa. Lakini hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hujaa kidogo sana. Unatazama unaona kama yamelala. Saa ya pili yanaongeza. Saa ya tatu na ya nne ndiyo mbio zenyewe: katika saa hizo mbili peke yake, nusu ya maji yote huingia. Kisha saa ya tano yanapunguza, na ya sita yanatulia. Wavuvi na manahodha wanaijua hesabu hii siku nyingi.

Maana yake nini kwa mtu aliyekaa? Katika bamvua kubwa, saa mbili hizo huleta maji ya kimo cha mtu mrefu. Kwenye sakafu ile tambarare ya Bwejuu utayaona kwa macho yako yanakuja. Kwanza yanaingia kwenye mifereji, kimya kimya, yanazunguka visiwa vya mchanga. Halafu vigingi vya mwani vinaanza kufupika, safu ya mbali kabla ya safu ya karibu. Kina mama wanarudi, polo za mwani kichwani, maji yakiwafika magotini. Ile ngalawa iliyoinama inatikisika, inasita, inajiweka sawa, na mara inaelea. Mgeni hakuinuka kitini kwake.

Tupange basi siku moja kwa mfano. Tuseme ni siku ya mwezi mpevu, maji yanapwa saa nne asubuhi. Meli imefunga saa moja. Mama yetu wa fimbo ameteremka kwanza, hakuachwa wa mwisho. Saa mbili na nusu gari inaondoka. Saa nne iko Bwejuu, na bahari haipo. Mama anakaa kivulini, anakunywa dafu, anatazama kina mama kwenye mwani. Saa sita mbio za maji zinaanza, saa nane zinakwisha. Saa nane hiyo hiyo gari inageuka, na saa tisa na nusu mama yuko mjini, meli bado ipo, na hana wasiwasi. Ameona kila kitu. Alitembea hatua ngapi? Kutoka garini mpaka kivulini.

Naona kuna msikilizaji ananinong'oneza: "Bwana we, huo mchanga je?" Umeuliza vizuri. Tuuzungumze mchanga, ndilo la kwanza.

Mchanga wa Bwejuu ni mweupe, laini kama unga wa ngano, na ndiyo sababu magurudumu membamba ya kiti huzama ndani yake. Usijaribu kumsukuma mtu kwa mbele. Magurudumu madogo ya mbele yatajichimbia na mtu ataanguka. Mgeuze, mvute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Na bora zaidi, usimpeleke mchangani kabisa. Tafuta nyumba ya wageni au mkahawa ambao gari inafika mpaka mlangoni na ukumbi wake unatazama bahari. Piga simu siku moja kabla, uliza maswali manne: Gari inafika wapi? Ngazi ziko ngapi? Mlango wa choo una upana gani? Kivuli kinabaki mpaka saa nane? Ukipata majibu hayo manne umeshamaliza nusu ya kazi.

La pili, gari. Hizi Noah na Hiace zetu zina kidato kirefu. Mtu wa magoti mabovu gari ndogo humfaa zaidi, anakaa kwanza kisha anageuza miguu. Usichague gari kwa sababu inang'aa.

La tatu, kumbeba mtu. Sisi tuna moyo mzuri, hilo silikatai. Tukimwona mzee amekwama, vijana wanne wanamrukia, huyu bega, huyu mguu, na mzee yuko hewani kabla hajasema neno. Hisani hiyo inaweza kumuumiza mtu, na inaweza kumwaibisha. Muulize kwanza: "Nikusaidie? Nikushike wapi?" Yeye ndiye anayeujua mwili wake.

La nne, na hili nalisema kwa mkazo: asiyeweza kukimbia asipelekwe mbali kwenye mchanga uliokupwa, hata kama unaonekana mgumu na umetandazika vizuri. Maji hayaji kwa mbele tu. Yanajaza mifereji iliyo nyuma yako kwanza. Mtu mwenye miguu yake miwili atavuka akiwa amelowa. Mwenye kiti au magongo atazingirwa. Ukumbini, barazani, chini ya mnazi: hapo ndipo mahali pake, na hapo anaona kila kitu.

Sasa tuseme meli imekuja siku nzuri, lakini mama hawezi safari ya saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Mgongo hauruhusu. Je, amekosa? Hajakosa. Nilisema bahari ni moja. Mpeleke Forodhani. Bustani ile ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, njia zake ni tambarare na viti vipo. Mpeleke mara mbili siku hiyo hiyo. Asubuhi saa nne, atazame ukuta wa bahari uko mtupu mpaka chini, na mstari wa ukungu wa kijani unaoonyesha maji hufika wapi. Kisha alasiri, saa kumi na nusu, aletwe tena pale pale. Atakuta mstari ule umefunikwa, na vijana wanakimbia na kujirusha majini mmoja baada ya mwingine, watu wakipiga makofi. Ama apelekwe kwenye bandari ya majahazi, Malindi, asubuhi vyombo vimekalia tope, jioni vinaelea. Mabaharia wa zamani walisubiri maji yapwe ili chombo kikae, wakakisugua na kukipaka shahamu na chokaa chini. Hayo yote mtu anayaona akiwa amekaa.

Niende kidogo mbali, kisha nirudi nyumbani. Huko Kanada kuna ghuba inaitwa Fundy. Maji yake hujaa na kupwa kwa kimo cha hadi mita 16, mara nne ya bamvua yetu, hakuna panapoizidi duniani. Kwenye ghuba hiyo kuna mji wa bandari, Saint John, na meli za kitalii hutia nanga hapo. Bahari ikijaa, huusukuma mto urudi ulikotoka. Watu wa mji ule hawakuwaambia wageni wakatembee mtoni. Walitengeneza mahali pa kusimama na kukaa, na wakawa wanatangaza saa za maji. Na sisi je? Mita 4 zetu tumezipa nini? Bwejuu ukumbi mmoja wa mbao, wenye njia ya mteremko badala ya ngazi, paa la makuti, na ubao ulioandikwa kwa chaki maji yanapwa saa ngapi leo na yanajaa saa ngapi, ungegharimu nini? Fundi yupo, makuti yapo, na anayejua saa za maji yuko barazani anasokota kamba.

Na msidhani nasema kwa ajili ya watalii tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukumbi wa aina hiyo utamfaa babu aliyekuwa nahodha na sasa miguu imekataa. Utamfaa mtoto wa Makunduchi au wa Kikwajuni aliyezaliwa asitembee, ambaye wenzake huenda pwani sikukuu yeye akabaki nyumbani. Zanzibar ina sheria ya watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009. Sheria tunazo. Kilichobaki ni mteremko wa mbao na moyo wa kupanga.

Narudia basi niliyosema, kabla muda haujaniishia. Kwanza, siku: tafuta bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, uyakimbie maji mafu. Pili, saa: maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa sita mchana, na mbio zake ni saa ya tatu na ya nne tangu yageuke. Tatu, mahali: kivuli, kiti imara, gari ifike karibu, na asiyeweza kukimbia asiteremke mchangani. Siku, saa, mahali.

Nyinyi madereva, waongozaji wageni, wenye nyumba za kulaza wageni kuanzia Paje mpaka Michamvi, ombi langu ni hili. Safari nyingine akija kwenu mtu wa fimbo, wa magongo au wa kiti cha magurudumu akataka kuiona bahari ya Bwejuu, msimtazame miguu. Tazameni kalenda, mumwambie ukweli: leo inafaa, au leo haifai, twende Forodhani. Na nyinyi wenye wazee nyumbani, bamvua ijayo wapakieni garini muwapeleke. Wana haki nayo kama sisi.